Mwalimu Mpita Njia

Kujitolea ni sifa njema, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kuitukana. Atoaye jasho lake bila kudai ujira apasa kushukuriwa. Lakini kila sifa njema ina kivuli chake, na kivuli cha kujitolea katika elimu ni uzembe wa wale ambao kazi hiyo ni deni lao. Hoja yangu ni hii: shule ya mashambani isifanywe mahali pa kujaribia ukarimu wa wapita njia. Mtoto wa Mutomo au Kibwezi astahili mwalimu aliyefunzwa, anayelipwa, na atakayekuwapo mwaka ujao.

Kitui na Makueni ni nchi kavu. Mvua ya vuli ndiyo tegemeo, na ikikosa, ghala huwa tupu. Mito mingi ni ya mchanga: hufurika siku chache, kisha wanawake huchimba visima katika mchanga ule ule, wakajaza madumu na kuyapakia juu ya punda. Mwanafunzi huteka maji kabla ya kwenda shule, naye akirudi jioni hungojwa na mbuzi na sahani ya muthokoi. Maisha hayo si ya aibu, lakini ni magumu. Mwalimu mgeni aliyepangiwa huku mara nyingi huomba uhamisho kabla hajajua majina ya wanafunzi wake. Nafasi yake hubaki wazi, na hapo ndipo mpita njia hukaribishwa.

Wakamba hawahitaji kufundishwa maana ya kujitolea. Wanayo mwethya tangu kale. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda huwaita majirani, nao huja na majembe yao. Kwa mwethya milima ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, ilikatwa matuta ya fanya juu, na ardhi iliyokuwa ikichukuliwa na maji ikashikwa. Kwa umoja wa namna hiyo yamejengwa mamia ya mabwawa ya mchanga, ambayo huyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Sasa tazama sheria za mwethya. Kwanza, mwenye shamba ndiye aitaye. Pili, kila ajaye ajua kutumia jembe. Tatu, hapana aondokaye kabisa: akusaidiaye leo ni jirani yako, na kesho utamsaidia. Tupime kwa sheria hizo kujitolea kunakoletwa shuleni.

Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa 1961, ilianza kazi nchini Kenya 1964, wakati wazazi walipokuwa wakijenga shule za Harambee kwa mikono yao na kukosa walimu wa hesabu na sayansi. Vijana hao waliahidi miaka miwili. Walijifunza lugha, wakaishi kijijini, wakafundisha masomo yaliyokuwa na upungufu kweli. Hadi huduma hiyo iliposimamishwa 2014 kwa sababu za usalama, wengi walifanya kazi ya haki. Waliitwa, na walikaa. Hata hivyo, nia ilikuwa washikilie nafasi mpaka apatikane mwenyewe. Mahali alipopatikana, kazi yao ilitimia. Mahali asipopatikana, darasa lilirudi lilikotoka siku walipopanda basi.

Namna ya pili ni makundi yajayo kwa wiki mbili, kutoka ng'ambo na hata kutoka miji yetu wenyewe. Hufundisha nyimbo, hupaka ukuta rangi, hupiga picha, huaga kwa machozi. Mimi nilijifunza ualimu chuoni, na mapema nilifunzwa kwamba mwanafunzi huchukua muda kumzoea mwalimu kabla hajathubutu kumwuliza swali. Mgeni wa wiki mbili huondoka kabla ya swali hilo. Hapana hospitali inayomwachia mpita njia mwenye moyo mwema ampasue mgonjwa. Kwa nini akili ya mtoto iwe rahisi kuliko tumbo lake?

Namna ya tatu ni mbaya zaidi kwa sababu imevaa joho la serikali. Shule za sekondari ya chini zilipoanzishwa 2023, maelfu ya walimu waliohitimu waliandikwa kuwa wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ya mwalimu kamili. Mwaka 2024 mahakama ilitamka kwamba utaratibu huo haukuwa halali, na walimu wakagoma. Mwanzoni mwa 2025 wanagenzi 46,000 walipewa ajira ya kudumu. Lakini wengine 20,000 wakaandikwa kwa unagenzi ule ule. Mtu asiye na njia nyingine hajitolei, hutolewa.

Watasema: "Bora mwalimu mpita njia kuliko kiti kitupu." Kwa siku moja, ni kweli, wala siwalaumu wazazi wanaouza mbuzi ili walipe mwalimu wa bodi ya shule. Kwa mwaka mzima, si kweli. Kiti kitupu hupiga kelele: mzazi hukiona, mkaguzi hukiandika, mbunge huulizwa. Kiti kilichokaliwa na mpita njia hunyamaza, na upungufu usioandikwa hauna atakayeuondoa. Hivyo wema wa mmoja huwa pazia la kosa la mwingine.

Basi kujitolea kufuate sheria za mwethya. Shule iite, tena iseme inahitaji somo gani. Ajaye awe na ujuzi wa kazi, au awe msaidizi wa mwenye ujuzi. Akae muhula mzima kwa uchache. Na siku ile ile anapopokewa, mwalimu mkuu aiandikie Tume ya Huduma za Walimu kwamba nafasi bado ni wazi.

Nanyi wasomaji wangu, jambo hili lawahusu kuliko mnavyodhani. Wengi wenu mtakapomaliza Kidato cha Nne mtaombwa kusaidia katika shule ya msingi ya jirani huku mkingoja matokeo. Nendeni. Sahihisheni madaftari, wasikilizeni wadogo wenu wakisoma, waonyesheni kugawanya na kuzidisha. Lakini mtu akiwaita walimu, mwambieni kwa adabu kwamba nyinyi ni wasaidizi, kisha mwulizeni mwalimu mwenyewe atakuja lini. Swali hilo likiulizwa katika kila kijiji kutoka Mwingi hadi Mtito Andei, halitaweza kukosa jibu kwa muda mrefu.