Nauli ya kurudi analipa nani?

Ndugu msomaji, Jumamosi iliyopita nilikuwa zangu barazani nachambua kahawa, kajua ka saa kumi ka hapa Mbinga kanapiga taratibu, mara namwona mpwa wangu anapanda kilima na daftari kwapani. Nikasema moyoni, leo kijana kakumbuka shule. Kumbe wapi!

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kasema nije tuzungumze."

Hapo nikajua kuna jambo. Mama yake ni dada yangu tumbo moja. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na kishamba cha kahawa, na pesa za msimu huu zimetoka juzi tu. Dada yangu akikwama huwa hasemi sana, anamtuma mtu kwa kaka.

Nikalifungua daftari. Hesabu zilikuwemo, lakini si zile za mwalimu. Nauli ya basi mpaka Dar. Chumba Manzese miezi mitatu. Glovu, viatu, chakula. Jumla ilikuwa karibu pesa yote ya kahawa. Chini kabisa kaandika kwa herufi kubwa: MWAKINYO.

"Mjomba, mimi shule basi. Nataka ngumi."

Yuko kidato cha tatu huyo. Na nisimsingizie, mikono anayo. Nyuma ya nyumba yao kaning'iniza gunia la mchanga na maganda ya kahawa, analitwanga alfajiri mpaka jirani wanalalamika. Nimemtazama mara nyingi bila yeye kujua. Ana jebu ya mkono wa kushoto inayotoka kama ulimi wa kinyonga.

Basi nikamwuliza, huyo Mwakinyo unamjua vipi? Weee! Kijana akasimama, akaanza kurusha makonde hewani, karibu aipige teo yangu. Birmingham, tarehe 8 Septemba 2018. Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, kaitwa dakika za mwisho kuziba nafasi, usiku ambao watu wamekuja kumwona Amir Khan. Mpinzani wake Sam Eggington, Mwingereza aliyekwisha kuvaa mikanda ya Uingereza, Jumuiya ya Madola na Ulaya. Waingereza walidhani kaletwa ndondocha wa kupasha mwili joto. Raundi ya pili, mwamuzi kaingia kati, Eggington hoi! Kijana kaitazama video hiyo kwenye simu mpaka kaikariri kama sala.

"Mjomba, kwa usiku mmoja tu kawa tajiri."

Nikamwambia kaa chini. Hapo kwenye "usiku mmoja" ndipo uongo ulipo.

Mwaka 2017, kabla ya huo usiku, Mwakinyo alikwenda Urusi akapoteza kwa pointi. Ile video mbona huna? Na baada ya Birmingham hakukaa akala kuku. Machi 2019 alikuwa Nairobi, akamwangusha Sergio González wa Argentina raundi ya tano. Novemba mwaka huo Dar, akatoana jasho na Mfilipino Arnel Tinampay raundi zote, akashinda kwa pointi na watu wakabishana vijiweni mpaka Krismasi. Novemba 2020 akamwondoa Mwargentina mwingine, José Carlos Paz. Mwaka 2021 zamu ya Julius Indongo wa Namibia, mtu aliyewahi kushika ubingwa wa dunia. Hiyo ni miaka mitatu ya kuamka alfajiri, kukimbia, kupigwa mazoezini na kupunguza kilo. Usiku mmoja uko wapi hapo?

"Na Liverpool je?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. Septemba 2022, mbele ya Liam Smith, raundi ya nne Mwakinyo kapiga goti na pambano likaisha. Mwenyewe akalalamikia viatu na kifundo cha mguu. Loo! Wabongo walivyomsulubu. Kila mwenye simu alitunga utani wa viatu. Walewale waliompokea kama mfalme mwaka 2018 ndio waliomgeuza kichekesho. Kwa kweli hata mimi nilicheka. Nilicheka halafu usiku sikulala vizuri, na sababu yake nitakupa.

Lakini Mwakinyo hakubaki kwenye goti. Januari 2024 alipanda ulingoni Zanzibar, akamtwanga Mbiya Kanku wa Kongo, akaondoka na mkanda wa WBO Afrika. Hilo goti na kuinuka kwake ndilo nililotaka kijana alitazame, kuliko zile raundi mbili za Birmingham.

Sasa msomaji wangu, nikupe siri ambayo hata mke wangu anaijua nusu.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana mwenye kifua. Kibanda cha video cha hapa mjini kilikuwa na jenereta linalokohoa na kanda chache, na mojawapo ilikuwa ya Julio César Chávez, Mmeksiko. Pambano la Machi 1990 na Meldrick Taylor, ambaye anamwongoza kwa pointi mpaka raundi ya 12, halafu zikiwa zimebaki sekunde mbili, mbili tu, mwamuzi anasimamisha na Chávez anashinda. Nililipa kiingilio mara sita kuangalia sekunde hizo. Nikaambiwa huyu mtu alikulia Culiacán kwenye behewa bovu la treni, nyumba yao ilikuwa hilo. Nikasema, kama mtoto wa behewa kaweza, mtoto wa ngoro za Umatengo kashindwa nini?

Nikachukua pesa ya kahawa ya baba. Nasema "nikachukua", unielewe hivyohivyo.

Dar nilipigana mara nne. Nilishinda mbili, droo moja. La nne nilipigwa mpaka sikio la kushoto likafunga duka, na halijafungua hadi leo. Promota, jina lake nalihifadhi, alipotea na mapato kabla sijavua glovu. Nilikaa Dar miezi miwili zaidi nikibeba viroba sokoni, kwa sababu sikuwa na nauli ya kurudi. Nilirudi juu ya lori la mbolea. Baba hakunigombeza. Alinionesha tu shamba lililokosa pembejeo mwaka ule, akaingia ndani.

Chávez mwenyewe, ambaye mwaka 1993 aliwajaza watu zaidi ya 130,000 uwanja wa Azteca, alipigwa mara ya kwanza Januari 1994 na Frankie Randall, baada ya mapambano 90 bila kupoteza. Alimaliza na ushindi 107, lakini pombe na dawa za kulevya nusura zimmalize yeye. Alipona, akafungua vituo vya kuwatibu wenye tatizo kama lake. Mimi sikuwa na mikanda, nilikuwa na sikio bovu na lori. Lakini sote wawili tulijifunza kwamba kupanda ulingoni watakupigia makofi, kushuka utashuka mwenyewe.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mjomba, kama babu angekupa nauli ya kurudi, ungeendelea na ngumi?"

Hee! Nikaweka teo chini. Nikafikiri. Nikasema, ndiyo. Ningerudi nyumbani, nikapona, nikala ugali wa mama na dagaa wa Nyasa, nikaondoka tena. Kilichonimaliza ni kuganda kule bila njia. Kipigo peke yake nilikuwa nakiweza.

Basi tukapatana hivi. Pesa ya kahawa haiguswi, ni ya mama yake, mbolea na wadogo zake. Shule anamaliza kidato cha nne. Gunia linahamia kwangu, chini ya mwembe, na kila jioni nitamshikia mimi, sikio langu moja linatosha kusikia jebu isiyotoka sawasawa. Akimaliza shule, aanzie Songea. Kule ngumi zinapendwa. Mwaka 2022 walijaa kumwona Mandonga, akapigwa na Shaban Kaoneka, na ajabu ya Mungu, aliyepigwa akawa maarufu kuliko aliyempiga! Akionekana anafaa, nitauza mbuzi wangu wawili nimpeleke Dar mwenyewe. Nauli ya kwenda atashika yeye. Ya kurudi nitamshonea ndani ya mkanda wa suruali, na asiiguse hata akilala njaa.

Dada alipopata habari alinipigia simu usiku. Nilidhani atashukuru. Akasema, "Kaka, nilikutuma umkataze."

"Ningemkataza angeondoka usiku," nikamjibu. "Mimi niliondoka usiku."

Akakata simu. Jumapili akaniletea mbasa wawili wakubwa kutoka Mbamba Bay, hakusema neno, akakaa barazani akitutazama. Kijana anapiga, mimi nashikilia gunia, mbavu zangu za uzeeni zinalia.

Raundi ya tatu nikaomba poo. Dada akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe.

Na wewe msomaji mwenye kijana mwenye mikono miepesi, kabla hujasema ndiyo au hapana, muulize hilo swali la nauli. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.