Samaki wa Baruti na Kikapu cha Mama



Mwezi huu naacha habari za chanjo na uji wa lishe. Nataka tuzungumze juu ya samaki tunaowatia kikapuni.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa wodini kijana mvuvi. Baruti ilimlipukia kabla hajaitupa majini, na mkono wake wa kulia ulikatika kwenye kiwiko. Mama yake alikaa sakafuni kando ya kitanda hadi kulipopambazuka, ndipo akaniambia, "Sista, mimi nilijua. Kila akileta hela nilipokea, sikuuliza." Nilipofika nyumbani nilikuta changu jikoni, niliyemnunua jana yake kwa bei ya kutupa. Hata mimi sikuuliza.

Baruti haichagui. Hupasua matumbawe, ambayo huchukua miaka mingi mno kuota tena, na huua samaki wazazi pamoja na vitoto visivyofaa hata kukaangwa. Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, habari za kiota cha ndege: makinda waweza kuwachukua, lakini ndege mama umwache aende zake. Mungu hakutukataza kula, ila kumaliza. Nimesali tangu utoto na sijasikia bado mahubiri juu ya mistari hiyo.

Jirani zetu Waislamu wametutangulia. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1998. Matangazo ya serikali peke yake hayakuwashika wavuvi wengi, hata viongozi wa dini walipoketi nao na kuwaeleza kutoka Kurani kwamba viumbe ni amana mikononi mwa mwanadamu. Sisi Wakristo tunaye Askofu Fredrick Shoo wa KKKT kule Kilimanjaro, aliyewahimiza vijana wa kipaimara kupanda miti. Miti tumeihubiri. Bahari je?

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza baruti, na doria kali zilizoanza baada ya mwaka 2015 zimepunguza sana milipuko katika pwani yetu. Hata hivyo, fungu la bei rahisi likitokea, mnunuzi ni mimi na wewe. Mwombe muuzaji akupasulie samaki mmoja. Wa baruti nyama yake huwa imelegea, damu imevilia kando ya uti wa mgongo, na mara nyingi mifupa imevunjika.

Katika kikao chetu cha akina mama tulikubaliana tusinunue samaki wa namna hiyo. Mjane mmoja mwenye watoto wanne akauliza, "Basi mimi nitawalisha nini?" Tulinyamaza kitambo. Tangu siku ile tunachanga kunde na choroko kila mwezi, ingawa mwezi uliopita hazikutosha.

Mama wa yule kijana sasa anauza vitumbua njiani nipitapo. Huniuliza nimenunua nini, nami humfunulia kikapu.