Goma: makuta ya beseni yanaliwa usiku

Goma haina mashamba ya kujitosheleza. Mji umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na karibu kila kinachopikwa humu kinaingia kutoka nje: maharage na viazi vya Masisi, kabichi na karoti za Kibumba, mihogo na ndizi za Minova, mananasi ya Idjwi. Kati ya boti inayoegesha Kituku na chungu cha nyumbani anasimama mama mwenye beseni. Akikosa mtaji siku moja, jirani zake watano au sita wanatembea mbali zaidi kutafuta lengalenga, na watoto wake wanalala na njaa.

Tangu vita vilipofika mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kazi hiyo imekuwa nzito. Benki zilifunga milango. Noti zikapungua, zile zilizochanika zikaanza kukataliwa, na mwenye pesa kwenye simu akakuta wakala anakata sehemu yake kabla ya kumpa noti mkononi. Mwezi wa pili kambi za kandokando, kama Bulengo na Kanyaruchinya, zilivunjwa. Wengine walirudi kwenye mashamba yao bila mbegu, wengine walibaki mjini kwa ndugu au kwa watu wema, na wanawake wengi kati yao walishika beseni. Wauzishaji wameongezeka, wanunuzi wana makuta kidogo.

Kwa hiyo inasemwa kila mahali kwamba biashara imekufa kwa sababu ya vita. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mtu akipita kila siku kwenye mstari uleule wa nyanya, anaona jambo lingine: mama wawili wamekaa bega kwa bega, nyanya ni zilezile, bei ni ileile, na baada ya mwezi mmoja wa kwanza ametoweka, wa pili bado yupo. Vita vimewapata wote wawili. Kilichowatenga ni namna makuta yanavyolala kati ya saa kumi na moja ya jioni na saa kumi na moja ya asubuhi.

Chukua mfano wa mama mwenye franka 50 000. Asubuhi ananunua nyanya za 45 000, analipa 3 000 kwa mwenye chukudu na 500 za tikiti ya soko. Zinabaki 1 500. Jioni ameuzisha zote kwa 58 000. Mkononi ana 59 500, na kwa mtu ambaye hajakula tangu asubuhi hizo zinaonekana ni pesa nyingi. Lakini alichopata kweli ni 9 500 tu. Nyingine zote ni nyanya za kesho.

Nyumba ikila 15 000 jioni hiyo, kesho ananunua kikapu kidogo zaidi, lakini mwenye chukudu na mwenye tikiti hawapunguzi hata franka moja. Kesho kutwa kikapu kinapungua tena. Kwa mwendo huo, siku ya sita mama hana tena cha kupeleka Kituku. Hakuibiwa, hakufilisiwa na bei, na pengine hata yeye mwenyewe hajui pesa zilienda wapi. Kama nyumba ingekula 7 000, mtaji wake ungepanda kidogo kila siku, mpaka siku moja akaongeza vitunguu pembeni ya nyanya.

Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu aliyeshiba. Mama aliyehamishwa, anayeishi na watu saba katika chumba kimoja, hawezi kuambiwa tu ajifunge mkaja. Ndiyo maana lawama ianzie kwa wale wanaomzunguka. Kuna bwana anayengoja jioni ili ahesabu makuta ambayo hakuyatafuta. Ajue kwamba hata sheria haimpi nafasi hiyo: sharti la mke kuomba ruhusa ya bwana, lililokuwa katika sheria ya jamaa ya 1987, liliondolewa mwaka 2016. Kuna shemeji anayechukua maharage kwa deni kila wiki kwa kuwa « sisi ni jamaa ». Kuna jirani anayetaka matabishi makubwa kuliko alichonunua. Matabishi ni heshima ya soko letu na hakuna anayetaka yaishe, lakini mama mwenye akili anayahesabu asubuhi, kabla ya kupanga bei, si mchana wakati mnunuzi ameshanyoosha mkono.

Mtaji ukikatika, wengi wanakimbilia benki Lambert, yaani wale watu wa mtaani wanaokopesha bila karatasi. Riba yao mara nyingine ni nusu ya mkopo kwa mwezi mmoja: umechukua dola 100, urudishe 150. Hakuna nyanya duniani inayoweza kulipa hiyo. Anayeingia huko anafanya kazi ya mtu mwingine, na dhamana ikiwa ni simu au kitanda, vinaondoka.

Afadhali kundi la AVEC, ambalo wengi wanalijua lakini wengine wanalidharau kwa sababu linaenda polepole. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini wasiokuwa na benki karibu, hali inayofanana sana na ya Goma. Wanachama kati ya kumi na ishirini na watano wananunua hisa kila wiki, moja hadi tano, kila mmoja kwa uwezo wake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si mwenye kulitunza. Mkopo unatolewa mbele ya wote, riba inarudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mwaka. Pembeni kuna mfuko wa shida. Huo mfuko ndio unaookoa beseni, kwa kuwa mtoto akishikwa na malaria usiku, dawa zinatoka pale, si kwenye pesa za nyanya. Kweli, sanduku lenye pesa nyumbani kwa mtu, katika mji wenye wezi wa silaha, ni hatari. Makundi yenye busara hayaachi pesa zilale ndani: zinakopwa siku hiyohiyo, sanduku linarudi karibu tupu.

Wanaoleta misaada nao wangefikiri kidogo. Wanawake thelathini wa avenyu moja wakipewa pesa sawa na mafunzo sawa siku moja, wote watauzisha kitu kilekile, na bei itaanguka juu ya vichwa vyao. Mmoja angeweza kutwanga sombe na kuiuzisha ikiwa tayari kwa chungu, maana sombe iliyotwangwa ina bei kuliko majani. Mwingine angechukua nyanya zilizolegea za saa nane na kuzipeleka kwenye mikahawa midogo, ambako zinapikwa palepale. Hayo mama wa soko wanayajua bila mwalimu. Wangeulizwa kwanza.

Kisha kuna jambo la tikiti na masoko pirate. Wenye meza ndani ya soko la Virunga wanalalamika kwamba waliokaa barabarani wanawakata wanunuzi bila kulipia meza, na wana haki. Waliokaa barabarani, wengi wao waliohamishwa, wanajibu kwamba hawana hata pesa ya kuingia, na hawasemi uongo. Kuwafukuza kwa fimbo na kumwaga nyanya zao chini hakumpi mwenye meza mnunuzi hata mmoja. Mahali palipopangwa, kwa saa zinazojulikana, pangewafaa wote.

Na tikiti yenyewe inadaiwa asubuhi, mama akiwa hajauzisha hata fungu moja. Analipa kutoka kwenye mtaji, au anakopa kwa jirani, au anajificha. Saa nane mchana angelipa kutoka kwenye alichopata, mkusanyaji akampa karatasi yenye tarehe, na wa pili akija na mkono mtupu angeonyeshwa karatasi hiyo. Mji haungepoteza hata franka moja kwa kuhamisha saa. Viongozi wa masoko wangeweza kuanza na Kituku, ambako boti zinaingia mapema na kila mtu anaonana na kila mtu.