Tuuhifadhi Mji Mkongwe Pamoja na Wakaazi Wake

Mgeni akifika Darajani, Unguja, hutafuta daraja asilione. Hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo lilifukiwa kidogo kidogo hata maji yakatoweka kabisa, na juu yake pakapita barabara. Hata hivyo Darajani imebaki Darajani, na Ng'ambo ikabaki Ng'ambo ijapokuwa hapana tena maji ya kuvuka. Forodhani nayo yaitwa hivyo hadi leo, ilhali forodha ilikwishahama zamani. Majina haya hayakuhifadhiwa na sheria wala na kibao. Yamehifadhiwa na vinywa vya watu wanaoishi hapo, baba akimrithisha mwana.

Twalitaja jambo hili kwa sababu kila panapozungumzwa uhifadhi wa Mji Mkongwe, mazungumzo huanzia kwenye mawe na kuishia kwenye mawe. Hapana ubishi kwamba mawe yana haki yake. Lakini mji uliobaki na kuta tupu, huku waliokuwa wakizikalia baraza zake wametawanyika, hautakuwa na mtu wa kueleza kwa nini Darajani yaitwa Darajani.

Wako wenzetu wasemao kuwa mji huu ni ukumbusho wa masultani na wafanya biashara ya utumwa, na kwamba anayeusikitikia anaisikitikia dola iliyopinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Hoja hii haifai kupuuzwa. Pale Mkunazini binadamu waliuzwa kama bidhaa mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873. Lakini tujiulize: ni nani aliyeyabeba mawe ya matumbawe kutoka pwani? Ni nani aliyekata boriti mikokoni, akachoma chokaa, akapanda juu ya kuta kwa jua kali? Hawakuwa masultani. Tajiri aliyeamuru jumba lijengwe, jina lake limo vitabuni. Mnyonge aliyelijenga hakuachiwa ukurasa hata mmoja. Alama yake ni lile jiwe alilolipanga. Jumba likiporomoka, yeye ndiye anayefutika.

Mapinduzi yalizidi kuufanya mji huu kuwa wa wananchi. Nyumba nyingi zilizohamwa au kutaifishwa zilikabidhiwa wakaazi wapya, na jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likakaliwa na familia kadhaa. Watoto waliozaliwa humo leo ni wazee wenye wajukuu. Hawana makwao pengine. Haki hiyo ilikuwa kubwa, lakini matunzo hayakwenda sambamba nayo. Kodi ilikuwa ndogo, dari zikavuja, na kila mmoja akadhani kuziba ufa ni kazi ya mwenzake.

Na nyumba hizi zina maradhi yao na dawa zao. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya mvua kisha ukayatoa. Ukipakwa saruji kwa nia njema ya kuuimarisha, unyevu hufungika ndani, chokaa hulegea, na vichwa vya boriti huoza bila ya mtu kuona. Fundi wa zamani aliyajua haya. Mafundi wa aina hiyo hupungua kila mwaka, na mkaazi mwenye kipato kidogo hununua kile anachokikuta dukani.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, iliporomoka ilhali matengenezo yakiendelea, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba linalotazamwa na dunia nzima lilifikwa na hayo, itakuwaje nyumba ya kichochoroni Kiponda au Sokomuhogo, isiyotazamwa na yeyote ila waliolala ndani yake?

Vyombo havikukosekana. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kinachotakiwa sasa ni kumfikia mkaazi. Kwanza, kodi ya nyumba za Serikali irudi katika dari na kuta za nyumba hizo hizo, na hesabu yake isomwe mbele ya wapangaji. Pili, chokaa iliyochomwa na kuiva sawasawa ipatikane kwa bei ambayo mnyonge ataimudu, na vijana wafunzwe kazi hiyo na mafundi waliosalia kabla hawajatutoka. Tatu, nyumba za wakfu zitunzwe kwa mujibu wa nia ya aliyeziweka, kwani wakfu ni amana, na amana haifanyiwi biashara ya kumnufaisha msimamizi.

Nne, na hili twawaelekezea khasa wanaotoa vibali: kila nyumba inapoombewa kugeuzwa hoteli, aulizwe pia mkaazi wake atakwenda wapi, na mtaa utabakiwa na watu wangapi. Hatuupingi utalii. Unawapa vijana wetu ajira na unaingiza fedha za kigeni. Lakini mgeni huja kuuona mji wenye watu: mzee anayekunywa kahawa barazani, watoto wanaotoka chuoni na misahafu yao, mama anayenunua samaki Darajani. Hao wakihamishwa, hoteli nayo itabaki inauza vitanda tu.

Wananchi nao wana wajibu. Anayeng'oa mlango wa nakshi akauuza, au akaacha mfereji uvuje ukutani mwaka mzima akiingojea Serikali, anaiangusha nyumba yake kwa mkono wake.

Mvua za masika huja kila mwaka, wala hazingoji vikao. Viongozi na waende vichochoroni kabla hazijanyesha, wabishe hodi, na wawaulize wakaazi ni dari ipi inayovuja.