Ubao mmoja, tundu moja

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, walinena wahenga. Ubawa wangu ni isimu. Katika useremala mimi ni kinda. Niliwahi kuunda sanduku la spika nyumbani. Pembe zilikataa kukutana, hewa ikavuja nyufani, na kila besi ilipolia, sanduku nalo likanguruma. Aibu hiyo ndiyo iliyonifunza kwamba spika inaweza kuimba bila sanduku.

Kiwambo cha spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, ila kwa namna kinzani: mbele hewa inapobanwa, nyuma hulegezwa. Mawimbi ya sauti nzito yakizunguka ukingo na kukutana, hufutana. Kazi ya ubao ni kuyarefushia njia. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hivyo, wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, ilhali lile la mitetemo 5,000 halifiki sentimita 7. Ndiyo maana ubao wa sentimita 60 huzikinga sauti nyembamba barabara, lakini huzidiwa na besi nzito kabisa. Tusidanganyane: hapo sanduku lililoundwa vyema huushinda ubao.

Hata hivyo, ubao humsitiri asiye fundi. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa milimita 18, hutoa mbao 4 za futi 4 kwa 2. Mbili huwa nyuso za spika. Zilizosalia hukatwa miguu ya pembetatu. Chora duara kwa bikari, toboa kwa keekee, kata kwa msumeno mwembamba, piga msasa, kisha kaza skrubu. Hakuna kiungo cha kuzuia hewa, na ukingo wa spika hufunika makosa ya msumeno. Ukimaliza, usiuegemeze ukutani. Uache nafasi ya mita moja hivi nyuma yake.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulinuia kuwatia vijana ufundi mikononi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, umerejea ahadi iyo hiyo. Lakini tukimpa mwanafunzi kazi inayomzidi kimo, tunamfunza kushindwa. Na tukimpa maelezo matupu, tunamfunza kukariri.

Walimu wenzangu, ukosefu wa karakana usiwe kisingizio. Chukueni spika ndogo ya redio kuukuu, muiwashe ikiwa mkononi, kisha muibane kwenye tundu la kadibodi pana. Darasa zima litasikia sauti ikinenepa. Mwanafunzi aliyesikia hivyo hatahitaji kukaririshwa kwamba mawimbi hufutana. Atauliza ubao upanuliwe hadi wapi, na swali hilo ndilo mwanzo wa elimu.