Tambi za Mung'unye

Mama wa Balambala auliza: mumewe amepunguziwa wanga kwa ajili ya kisukari, naye haridhiki ila kwa baasto. Afanyeje?

Baasto iliingia kwa Wasomali kwa mkono wa Wataliano, na leo Garissa ni kama wali kwetu pwani. Kumnyima mtu ghafla ni kumtia unyonge. Suqaar ibaki, kibadilishwe kilicho chini yake.

Chukua mung'unye changa, ulionje kwanza: likiwa chungu litupe, lina sumu. Limenye, toa moyo wenye mbegu, lichane nyuzi ndefu nyembamba. Litie chumvi robo saa, kisha ulikamue kwa kitambaa. Wasiokamua hupata uji. Likaange dakika mbili tatu tu.

Ladha si ya baasto, tusidanganyane. Lakini gramu 100 za tambi zilizopikwa zina wanga wa gramu 30 hivi. Za mung'unye hazifiki 5. Na Anas bin Malik amesimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyolitafuta mung'unye pembezoni mwa sahani.

Ila mwenye kudungwa insulini amwone daktari kabla ya kuanza. Wanga ukipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari huweza kushuka hata mtu akazimia.