Pipa Nalo ni Kiambato

Katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita, pipa la chuma la lita 200 halikosi kazi. Hufika limejaa dizeli au kemikali. Likiisha kumwagwa huwekwa maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, na likiuzwa tena laweza kuishia katika ua wa mama apikaye pombe ya mtama. Anayelinunua hulisugua kwa mchanga na sabuni, akaliona limetakata, akaridhika. Aghalabu watu huamini kwamba chombo kilichooshwa hakiongezi kitu katika kile kilichomo. Imani hiyo si sahihi, na yapasa wanafunzi waelezwe hivyo tangu kidato cha kwanza.

Ushahidi mzuri hupatikana kwa watu waliolifanya pipa kuwa sehemu ya ufundi wao. Neno pipa, kama neno mvinyo, asili yake ni Kireno, na pipa la Wareno lilikuwa la mbao. Huko Ulaya mbao ipendwayo hata leo kwa mvinyo ni ya mwaloni (mti huu hauna uhusiano wowote na mwalo wa wavuvi wala wa wachenjua dhahabu). Mwaloni mweupe ukikomaa, mishipa iliyokuwa ikipandisha maji huzibwa na utando, ndiyo sababu mbao yake haivuji. Mbao hizo huanikwa nje kwa miaka miwili hivi, mvua ikaosha sehemu ya ukali wake, kisha hukunjwa juu ya moto. Moto huo haupindi mbao tu. Huvunjavunja lignini, na miongoni mwa vipande vyake ni vanilini, ile ile iliyomo katika vanila inayolimwa Kagera na Uganda. Mvinyo hufyonza harufu hiyo pamoja na tanini za mti. Wakati huohuo oksijeni kidogo sana hupenya, na kwa miezi mingi hulainisha ukali wa tanini za zabibu na kuituliza rangi. Pipa la Bordeaux, lenye lita 225, halipishani sana kwa ukubwa na lile la Nyarugusu, lakini baada ya kutumiwa mara tatu au nne huwa limeishiwa ladha, na mwenye nalo huiingiza hasara hiyo katika bei ya chupa. Pete zake za chuma ziko nje, na ni heri zibaki huko, kwani chuma kikiyeyuka ndani ya mvinyo huutia ukungu na weusi.

Sasa na litazamwe pipa la pombe. Mtama ukichachuka hutoa asidi ya laktiki, na asidi huyeyusha chuma. Mwaka 1929 Strachan alieleza habari za wagonjwa wa kusini mwa Afrika ambao maini yao yalikuwa yamejaa chuma. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa katika vyombo vya chuma: lita moja ilikutwa na makumi ya miligramu za chuma, ilhali mtu mzima mwenye afya huhitaji kufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Utafiti wa Zimbabwe uliotolewa mwaka 1992 uliongeza kwamba huenda urithi nao unachangia. Wapo watakaosema chuma huongeza damu. Ni kweli kwa aliyepungukiwa. Lakini mwili hauna njia ya kukitoa kile kilichozidi. Hujikusanya katika ini mwaka baada ya mwaka, ini likaota makovu, na hatari ya saratani ikaongezeka.

Chuma huua polepole. Zinki ya ndoo ya bati, ikiyeyushwa na kinywaji kichachu, hutapisha kwa muda wa saa chache. Sayanidi haingoji hata hivyo. Katika ukanda wa Geita marudio ya dhahabu huchenjuliwa kwa sayanidi, na mabaki yake yakikutana na asidi hutoa haidrojeni sayanidi, sumu iwezayo kuua kwa dakika chache. Kanuni ya kimataifa ya kusimamia sayanidi migodini hutaka vyombo vyake visuuzwe mara tatu na kupondwa. Kanuni hiyo ni ya hiari. Yafaa iwe sharti kwa kila mwenye mtambo, hata mdogo kabisa, na pipa litobolewe kabla halijatoka langoni.

Mpika pombe hastahili lawama. Mtungi huvunjika, haubebi lita 200, na ada za shule za watoto wengi zimetoka katika pipa hilo hilo. Linalowezekana ni kupunguza muda wa asidi kukaa na chuma: kinywaji kichachushwe na kuhifadhiwa katika mitungi, au katika plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, wala si ile iliyobeba mafuta au dawa ya wadudu, kwa maana plastiki nayo hufyonza na kurudisha.

Mwalimu wa kemia hana haja ya kungoja vifaa vya maabara. Misumari safi michache ilazwe siku mbili katika siki, kisha vijiko viwili vya siki hiyo vitiwe katika chai ya rangi iliyokolea. Chai itageuka nyeusi kama wino, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka kimeshikana na tanini za majani. Kikombe cha pili kitiwe siki isiyo na misumari: hicho kitapauka tu. Vyote viwili vimwagwe, visionjwe.